Nafsi Isiyokula Mkate

Katekista Tarmo Akonaay alianguka siku ya Jumapili, mbele ya waumini wote wa Katesh, bakuli la hostia likiwa mkononi.

Hakujikwaa popote. Sakafu ya kanisa lile ni laini na zulia lilikuwa limetandikwa vizuri. Miguu yake tu ilikosana, mmoja ukataka kwenda Babati na mwingine Singida, naye akakaa chini kwa kishindo kama gunia. Kabla padri hajamaliza kuokota hostia, habari ilikuwa imeshafika sokoni na kurudi: katekista amekuja ibadani amelewa. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Wengine wakakumbuka kwamba tangu Kwaresima walikuwa wakimwona anapepesuka.

Jioni hiyo mkewe Yasinta alikwenda kwa wifi yake Restituta, dada mkubwa wa Tarmo, akamkuta amejilaza kwenye kochi na viatu miguuni.

"Pole na kazi, wifi."

"Asante. Kaa."

"Sikai. Kamati ya parokia wanataka kumvua ukatekista wiki hii. Wifi, mimi nalala na mwanaume yule, pombe ningeinusa. Wewe ndiye mtu wa damu na mirija. Njoo umpime, kisha uwaambie hao watu kwamba mdogo wako si mlevi."

Restituta aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa siku hiyo wala wa wiki hiyo. Aliuzoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Lakini mdogo wake ni mdogo wake. Alichukua mkoba wake wa kazi, wakaongozana.

Walimkuta Tarmo ameketi barazani, ameshika nguzo kana kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa ikitaka kuanguka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu gusa pua yako kwa kidole."

Tarmo alijaribu. Kidole kikapita shavuni, kikarudi, kikaishia jichoni. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Kinanikimbia," alisema. "Na kalamu pia. Juzi nimeshindwa kuandika majina ya watoto wa komunyo."

Restituta akamtoa damu kimya kimya. Alijua kidole kile kinasema nini: ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaoshika mizani ya mwili, ulikuwa unaliwa. Asichokijua ni nani anayeula.

*

Asubuhi yake alipanda hadi Kituo cha Nafsi, kwenye mteremko wa mlima Hanang. Getini alifanya kama kila mfanyakazi anavyofanya: akapiga nguo kwa brashi, akasukutua mdomo, akanawa mpaka kwenye viwiko. Vumbi la ngano lilikuwa haramu ndani ya uzio. Chembe moja tu ingeharibu vipimo vya mwezi mzima, maana kazi yote ya mahali pale ilikuwa kuwafundisha walinzi kuikamata ngano.

Zamani hakukuwa na haja ya walinzi. Mtu ambaye tumbo lake halipatani na ngano alikula ugali wa mahindi, mambo yakaisha. Kisha mahindi yakafa kwa mnyauko nchi nzima, mvua zikapungua, na kilichobaki kustawi kwa wingi kikawa ngano hii mpya isiyoogopa jua. Uji ukawa wa ngano, ugali wa ngano, hata pombe ya ngano. Watu wa tumbo, kama walivyoitwa, walikula wakaharisha, wakaacha kula wakakonda, wakazikwa. Mama yao Restituta na Tarmo alizikwa hivyo, akiwa mwepesi hata wabeba jeneza wakaangaliana.

Ndipo Kituo kikawatengeneza walinzi. Vilikuwa vijidudu vya kufugwa tumboni, vilivyofundishwa kutoa kingamwili ya kuikamata gluteni, ile protini ya ngano yenye kunata, kabla mwili haujaiona na kuanza vita. Mtu alikunywa kikombe kimoja tu, kizito kama uji. Baada ya hapo vijidudu viliishi kwa lishe iliyotiwa kwenye maji ya bomba kila siku.

Restituta ndiye aliyekuwa mkufunzi wao. Kila walinzi wapya walipozaliwa aliwaonyesha nafsi, yaani vipande vya mwili wa binadamu vilivyotunzwa hai: utando wa utumbo, mishipa, na seli za ubongo zilizooteshwa kutokana na ngozi. Aliyeuma nafsi alitupwa. Aliyeiacha salama alipelekwa kwa watu. Nafsi hizo zilitolewa na wafanyakazi wenyewe. Ilikuwa desturi ya Kituo na fahari yao: mtu akiajiriwa, siku ya kwanza hutoa nafsi, wenzake wakampigia vigelegele na kunywa pombe ya asali. Ya Restituta ilikuwa ya kwanza kabisa, na ndiyo iliyooteshwa zaidi kuliko zote.

Kwenye damu ya mdogo wake, naye mtu wa tumbo aliyekunywa kikombe, alitambua kizazi cha walinzi alionao; akachukua wenzao wa Kituo, akawaweka juu ya nafsi akatazama. Walinzi walipita pembeni ya seli za ubongo kwa adabu, kama wageni wanaopita nyumba yenye msiba. Akarudia. Hakuna aliyeuma.

"Safi," alisema Daktari Margwe, mkurugenzi, akichungulia nyuma yake. Alikuwa mtu mpole mwenye mvi, na alisema kwa upole, jambo lililomuudhi Restituta zaidi. "Mama Resti, usinielewe vibaya. Wanaume wa umri ule hujificha. Mimi baba yangu alikuwa akinywa kwenye kopo la chai."

"Mdogo wangu hanywi."

"Basi ni ugonjwa mwingine. Si walinzi."

King'ora cha saa sita kikalia. Restituta alinawa tena, akaweka kiganja juu ya kioo cha ukutani. Chini yao pampu zikaamka, lishe ikaingia kwenye bomba na kushuka kwenye matangi ya mji, na vituo vingine vyote nchini, vilipokiona kiganja kile, vikafungua mabomba yao. Walinzi wakikosa lishe siku mbili hufa. Sheria ilitaka kiganja cha mtu mmoja, mkufunzi, tena kisicho na chembe ya ngano, ili siku mambo yakiharibika ajulikane wa kuulizwa. Hata Jumapili, hata akiwa na homa, kiganja chake kilidaiwa. Ndiyo maana alikuwa akilala na viatu.

*

Siku ya pili yake Yasinta alipanda mlima na kapu la chakula. Alikuwa ameona wifi yake hajala vizuri, na kwa Yasinta hakuna ugonjwa usiopungua mtu akila. Kelele za getini zikamfikia Restituta mpaka ndani.

"Mama, mkate hauingii!" askari wa geti alikuwa akisema.

"Si wa kwako, ni wa wifi yangu."

"Hata ungekuwa wa askofu. Humu ndani hakuna anayekula ngano. Wala majumbani kwao hawali. Wana ghala lao la mtama na uwele, wanagawiwa kila mwezi. Tangu Kituo kianze, mama, hakuna mfanyakazi aliyeonja mkate."

Restituta alikuwa ameshafika, mkono umenyooshwa kupokea kapu. Mkono ukabaki hewani.

"Rudia hayo," alimwambia askari.

"Yapi, Mama Mkufunzi? Nimesema hakuna mfanyakazi aliyeonja mkate."

Aliomba udhuru kwa wifi yake, akageuka, akarudi ndani karibu anakimbia, yeye ambaye hakukimbia tangu usichana.

Jioni hiyo alimmezesha Tarmo kidonge chenye uzi, akavuta, akapata kipande kidogo cha utando wa utumbo wa mtu anayekula mkate kila siku. Kesho yake akawawekea walinzi walewale wa Kituo, waliofuzu mitihani yote. Hawakusubiri hata dakika. Walikivamia.

Alikaa kwenye kigoda chake cha maabara, mikono mapajani, na kwa muda hakuwa na hasira wala machozi. Kila kitu kilikuwa wazi na alikuwa amechoka tu. Mwilini mwa kila mtu kuna kimeng'enya kinachoshona tishu zilizochanika. Kwa watu wa tumbo, kimeng'enya hicho kikikutana na gluteni huishona kwake, vikawa kitu kimoja. Ni kama mtu aliyeokota koti la mwizi akalivaa: umati ukija na fimbo hauulizi koti ni la nani. Walinzi walifundishwa kulipiga koti, yaani gluteni. Walipolikuta mgongoni mwa mwenye nyumba, walimpiga mwenye nyumba, na wakishaonja hapo hujifunza sura yake hata pale alipolivua koti. Ndugu wa kimeng'enya hicho wanaishi kisogoni, kwenye ubongo mdogo. Walinzi wakapanda na damu mpaka huko.

Na nafsi za Kituo hazikuonyesha lolote kwa sababu zilikuwa nafsi za watu wasiokula mkate. Miili misafi isiyowahi kuvaa koti. Walikuwa wamewafundisha walinzi kuwaheshimu binadamu, lakini binadamu pekee waliowaonyesha walikuwa wao wenyewe. Usafi waliojivunia ndio uliowaponza. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yake alikuwa akisema, naye akidhani bibi anasema habari za chawa.

*

Daktari Margwe alitazama kwenye darubini kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeongezewa miaka.

"Wangapi wanaanguka?" aliuliza.

"Sijui. Nenda sokoni uulize wangapi wameitwa walevi mwaka huu."

"Si wote watu wa tumbo."

"Si wote. Lakini anayepepesuka leo, seli zake zimeshakufa. Hazioti tena. Na yule ambaye hajapepesuka, hatujui kama ni mzima au zamu yake bado."

Margwe aliketi. "Ukizuia kiganja, keshokutwa walinzi wote wamekufa. Nchi nzima. Watu wa tumbo watarudi kwenye ngano bila kinga, na mtama mpya hauvunwi mpaka miezi minne ijayo. Mama Resti, mimi nilikuwa wodini miaka ile. Nilibeba watoto waliokuwa wepesi kuliko nguo zao."

"Na mimi nilimbeba mama yangu."

"Basi unajua. Tuwafundishe walinzi wapya kwanza, kimya kimya, ndipo tuwabadilishe."

"Kwa nafsi ipi? Anatakiwa mtu wa tumbo asiye na walinzi kabisa, ale ngano mpaka augue, ndipo tupate nafsi yenye koti. Watu wa tumbo wote wa nchi hii wana walinzi."

"Tuwaambie watu, basi. Kila mmoja achague mwenyewe."

"Achague maji gani? Mito imekauka. Bomba ni moja, la huyu na la yule."

Margwe aliinamia tena darubini. Restituta hakumlaumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini huyu alimjua. Walikaa hivyo mpaka king'ora kikalia, naye Restituta akanawa, akaweka kiganja. Pampu zikaamka. Ilikuwa mara ya kwanza kukiweka akijua, na kiganja kilimwasha mpaka jioni kana kwamba amekiweka kwenye upupu.

*

Alimweleza Tarmo yote, barazani, bila kupunguza. Yasinta alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Tarmo alisikiliza akiwa ameshika nguzo yake. Uani, Fausta, binti wa jirani, alikuwa akiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Mwaka juzi mtoto huyo alikuwa hawezi kusimama. Tumbo lilikuwa ngoma, miguu vijiti, na mama yake alikuwa ameshaanza kumkwepa macho. Alikunywa kikombe kimoja cha walinzi. Sasa alikuwa na mashavu.

"Mwangalie huyo," Tarmo alisema.

"Namwona."

"Usiwazime, dada. Mimi nimeshaanguka, nimeanguka. Watu wamenicheka, wameshacheka. Nitashika fimbo kama wazee. Miaka mingapi nimefundisha watoto kupokea hostia, nami mwenyewe nikibaki kwenye benchi kwa kuogopa tumbo? Hawa walinzi wako walinipa mkate ule. Kama bei yake ni miguu yangu, nimekubali. Niache nianguke, mtoto aruke."

"Husemi hayo usiku unapolia," Yasinta alisema.

"Yasinta!"

"Husemi hayo."

Restituta alitazama mikono ya mdogo wake. Aliifundisha kufunga kamba za viatu, mikono ile. Alimpenda sana saa hiyo, na alitamani sana kumtii. Ingekuwa rahisi. Angerudi kazini, angeweka kiganja, na kila mtu angesema ndiye mwenyewe aliyetaka.

"Wewe umekubali," alisema hatimaye. "Nakushukuru. Sasa niambie, mtu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi huko Mbulu amekubali lini? Fausta amekubali lini? Unamwona anaruka. Mimi sijui kama mwakani ataruka."

Tarmo aligeuka kumtazama mtoto.

"Akikonda tutamwona," Restituta akaendelea. "Tutakimbia, tutatafuta chakula, tutapiga kelele. Lakini hiki kinakula gizani, na mtu akianguka tunamzomea. Mimi ndiye niliyekitia humo. Siwezi kukifanya tena huku nikijua."

"Atakonda, dada."

"Atakonda," alikubali. "Najua atakonda."

Yasinta alirudi jikoni. Waliusikia mwiko ukigonga sufuria, zaidi ya ilivyohitajika.

"Yasinta," Restituta aliita. "Umebakiza mkate?"

*

Siku iliyofuata, karibu na saa sita, walipanda mlima watatu, Tarmo katikati, kila mwanamke amemshika kwapa moja. Waliokutana nao njiani walitikisa vichwa: katekista leo anabebwa kabisa. Tarmo aliwasalimu wote.

Asubuhi Restituta alikuwa amemwachia Margwe maneno mawili. La kwanza, ghala la mtama la Kituo lifunguliwe kwa watu wa tumbo, na wafanyakazi waanze kula ngano kama wengine. Mtama huo ungewatosha wa Katesh kwa wiki chache. Wa nchi nzima usingewafaa hata kidogo, na hilo hakulificha. La pili lilikuwa kuhusu nafsi. Mtu wa tumbo asiye na walinzi alikuwepo mmoja, yeye mwenyewe. Yeye na Tarmo walinyonya ziwa moja, na alama ya damu ni ileile; alikuwa ameiona kwenye vipimo vyake zamani, akafurahi kwamba kazi yake inamkataza mkate. Walinzi hakuwahi kunywa kwa sababu hakuwa na cha kulindwa.

Margwe alikuwa amesimama ndani ya geti, mikono nyuma. Hakumzuia. Hakumwita pia.

"Shikamoo, Mama Mkufunzi," alisema askari, kisha akaliona kapu. "Mama... mkate hauingii."

"Najua, mwanangu. Siingii."

Aliketi kwenye jiwe lililokuwa nje ya geti, pale wageni wanaposubiri. Yasinta akafungua kitambaa. Mkate ulikuwa bado wa moto, umepakwa samli. Restituta akamega, akatia mdomoni, akatafuna.

Ulikuwa mtamu. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu, kwa wiki za kuharisha, kwa kukonda, pengine kwa siku ambayo kidole chake nacho kingeikimbia pua. Hakujiandaa kwa utamu, na machozi yakamtoka huku anatafuna, ya ujana wake wote wa mtama.

King'ora kikalia.

"Mama Mkufunzi," askari akasema kwa sauti ndogo. "Ni saa sita."

"Nimesikia."

Alinyoosha viganja vyake akavitazama. Viliwaka samli, na unga ulikuwa umeingia kwenye kila mstari; kioo cha ukutani kisingevipokea. King'ora kiliendelea, kikalia zaidi ya kawaida, kisha kikakoma. Chini ya mlima pampu hazikuamka. Margwe aligeuka, akaelekea ghalani, na baada ya kitambo wakasikia milango yake mikubwa ikiburutwa.

Tarmo alinyoosha mkono wake unaotetemeka kuelekea kwenye mkate. Restituta akaukwepesha.

"Chakula chako sasa ni mtama."

"Dada, mama alikufa kwa hiki."

"Najua. Ndiyo maana kitafaa." Akajipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Nani atawaambia watu? Mimi maneno yamenishinda."

"Nitawaambia mimi," Tarmo alisema. "Nyumba kwa nyumba. Wakiniona ninavyotembea, hawataniuliza ushahidi."

Bondeni watoto walikuwa wametoka shule. Fausta alikuwa mbele yao wote, begi linampiga mgongoni, anakimbia kwa kukimbia tu, bila kufukuzwa na mtu. Restituta alimtazama, mashavu yake, magoti yake manene yenye vumbi, akamtazama mpaka alipokata kona.

Kisha akamega kipande kingine.